Jiko limebomolewa na hatuhami: tutapika wapi, na nini?

Swali: *Tunaanza ukarabati mkubwa wa nyumba. Jiko lote litabomolewa, ukuta unaolitenganisha na sebule utaondolewa, mabomba na nyaya zitabadilishwa, na sakafu itawekwa vigae vipya. Fundi mkuu anasema wiki 8. Tuko watu wazima watatu na mtoto wa miaka miwili, na hatuna pa kuhamia. Tuna friji, birika la umeme, jiko dogo la umeme la sahani moja na mtungi wa gesi. Kununua chakula kilichopikwa kila siku hatuwezi. Tutapikaje chakula cha kawaida bila kuugua wala kuunguza nyumba?*

Jibu: Hizo wiki 8 zihesabuni kuwa 10 au 12, hasa kama meza ya jiko jipya itakuwa ya jiwe. Jiwe halipimwi mpaka makabati yawe yamefungwa mahali pake na kusawazishwa, na baada ya vipimo kuchukuliwa karakana huhitaji muda wa kulikata na kulisafisha. Mara nyingi ni wiki 1 hadi 3. Katika kipindi hicho jiko linapendeza kwa macho, lakini halina sinki wala mahali pa kukatia kitunguu, na ndipo familia nyingi hukata tamaa. Dawa yake ni rahisi. Fundi aweke plaiwudi ya milimita 18 juu ya makabati mapya, atoboe nafasi, na arudishe sinki la zamani pamoja na koki yake mpaka jiwe lifike. Kwa hiyo sinki hilo lisitupwe siku ya kubomoa. Liandikeni kwa chaki "LIBAKI" na mlitoe wenyewe nje ya eneo la kazi, maana siku ya kubomoa hakuna anayeuliza.

Wengi wakifikiria kupika katika ukarabati hufikiria moto. Moto ndiyo sehemu rahisi. Kinachowashinda watu ni kuosha vyombo, kisha vumbi, kisha umeme unaokatika ovyo. Mkiyaweka sawa hayo matatu, chakula kitapikika hata kwa sahani moja.

Jiko la muda lianze kabla ya nyundo ya kwanza

Chagueni chumba chenye mlango unaofungika na dirisha linalofunguka, karibu na bomba la maji, na ambacho mafundi hawapiti kwenda kazini. Chumba anacholala mtoto hakifai, na bafu halifai kuwa mahali pa kupikia, ingawa mtalitegemea kwa maji. Wekeni meza imara yenye urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Meza fupi ya sebuleni huumiza mgongo ndani ya siku mbili, na sufuria ya moto juu yake iko sawa na uso wa mtoto. Waya zote zipite nyuma ya meza, zisining'inie mbele. Birika la maji yaliyochemka huanguka kwa sababu mtoto amevuta waya.

Anzeni kupikia hapo siku tatu kabla ya kazi kuanza, jiko la zamani likiwa bado linafanya kazi. Kila mtakachokwenda kukichukua kule ni kitu mlichokisahau: kopo la chumvi, kifungulio cha makopo, kitambaa cha kushikia sufuria. Baada ya kubomoa, vitu hivyo vitakuwa ndani ya maboksi chini ya maboksi mengine.

Vyombo viwe vichache kwa makusudi. Kila mtu awe na sahani moja, bakuli moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, ikiwezekana vya rangi yake, ili ijulikane nani hajaosha. Ongezeni sufuria mbili zenye vifuniko, kikaango kimoja kipana na kirefu chenye kifuniko, visu viwili, mbao mbili za kukatia (moja ya nyama mbichi tu), mwiko na upawa. Vingine vyote vifungeni kwenye maboksi, gundini mianya kwa tepu, na muandike kilichomo ubavuni mwa boksi, si juu, kwa kuwa maboksi yatapandana.

Chakula kikavu kikae kwenye makopo au ndoo zenye vifuniko vinavyobana. Si vumbi tu linaloharibu. Unga, mchele, majani ya chai na siagi hunyonya harufu ya rangi na vanishi, na harufu hiyo haitoki kwa kupika.

Friji nayo ihamishwe mapema, na hapa kuna kosa linalojirudia sana: huachwa kwenye kona "ambayo hawaigusi," halafu siku ya vigae njia ya kuifikia ni sakafu isiyokanyagwa kwa saa 24 au zaidi. Ipelekeni chumba cha jiko la muda. Ikilazwa wakati wa kubebwa, isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Iachieni nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma, na msiifunike turubai ikiwa inawaka. Turubai huzuia joto lisitoke, kompresa hufanya kazi bila kupumzika, na chakula huharibika ndani ya friji inayonguruma vizuri tu. Kila wiki, chomoeni waya na mpanguse vumbi kwenye nondo za nyuma.

Maji, na hasa maji machafu

Mwambieni fundi bomba, kabla hajakata chochote, aweke valvu ya kufungia sehemu ya jiko peke yake na koki ya muda kwenye bomba la maji baridi. Kazi hiyo ni ndogo ikifanywa mwanzoni. Isipofanyika, kila mara jiko likiguswa nyumba nzima hukosa maji, choo kikiwamo.

Siku za kukatiwa maji, jiko la watu wanne linahitaji takriban lita 40: lita 15 hadi 20 za kunywa na kupikia, zilizobaki za kuoshea. Ndoo yenye koki chini ni bora kuliko ndoo ya kuchota kwa kikombe, kwani mkono wenye vumbi hauingii ndani ya maji. Kazi ya mabomba ikiisha, fungueni kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa koki, yaacheni maji yamwagike dakika 5, kisha rudisheni kichujio kikiwa kimesafishwa. Mchanga, mabaki ya plastiki na utepe wa kufungia nyuzi za mabomba hutoka na maji hayo ya kwanza.

Kuosha vyombo kunahitaji mabeseni matatu: la maji moto na sabuni, la kusuuzia, na la tatu lenye maji na klorini. Kwa dawa ya kufulia isiyo na manukato yenye klorini ya asilimia 5, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji kinatosha. Vyombo vizame dakika 1 au 2, kisha vianikwe vikauke vyenyewe. Msitumie kitambaa cha kukaushia, kwa kuwa katika nyumba yenye vumbi kitambaa hicho ndicho kinachochafua upya. Na chupa ya klorini iwe juu, mbali na mtoto.

Mabeseni haya yaandikwe na mafundi waonyeshwe. Fundi aliyechoka atasafishia brashi kwenye beseni lolote lililo karibu. Wapeni ndoo yao na koki yao nje, na muwakataze wazi kumwaga maji ya saruji, ya lipu au ya gundi ya vigae kwenye sinki, bafu au choo chochote. Saruji hugandia ndani ya bomba vilevile inavyogandia ukutani, na kulizibua ni kulikata.

Nanyi pia lindeni bomba la bafu. Halikujengwa kwa mabaki ya jikoni. Kwanza panguseni mafuta kwenye sufuria kwa karatasi na muitupe, kisha maji ya kuoshea yapitishwe kwenye chujio kabla ya kumwagwa. Mafuta yakishikana na nywele zilizomo kwenye bomba la bafu, mtapoteza bafu pia, na hapo ukarabati utakuwa mgumu kweli.

Sinki la zamani likiondolewa, mdomo wa bomba la maji machafu uzibwe siku hiyohiyo kwa kizibo chake, si kwa tambara. Ile kona iliyopinda chini ya sinki ndiyo iliyokuwa inashikilia maji ya kuzuia harufu. Imeondoka, kwa hiyo gesi ya mtaro, mende na panya wana njia wazi kuingia ndani.

Vumbi

Vumbi la kukata zege, matofali na vigae lina silika, chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kukaa hewani kwa saa nyingi hata macho yasipoziona. Kwa sababu hiyo kukata kufanyike nje, kwa msumeno wa kutumia maji. Kati ya eneo la kazi na mnakoishi, tundikeni nailoni nzito, milimita 0.1 au zaidi, iliyogundiwa juu, pembeni na chini. Penye kupita, tundikeni vipande viwili vinavyopishana. Nailoni peke yake haitoshi. Wekeni feni kwenye dirisha la eneo la kazi ikipuliza *kwenda nje*, ili hewa ivutwe kutoka kwenu kuelekea kazini badala ya kinyume chake. Feni ikielekezwa ndani italipeleka vumbi hadi kitandani.

Chini ya mlango wa jiko la muda wekeni taulo mbichi. Mafundi wakimaliza, subirini saa 1 hadi 2 kabla ya kupika, panguseni meza kwa kitambaa chenye maji, suuzeni kitambaa, panguseni tena. Sufuria na vikombe vikae kifudifudi. Msifagie kwa mfagio mkavu, maana mnalirudisha hewani lililokwisha tua. Tumieni kitambaa kibichi au kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata chembe ndogo sana.

Kuna jambo moja lisilongoja. Ikiwa nyumba ni ya zamani, rangi iliyo ukutani ipimwe kama ina madini ya risasi, na dari au paa la zamani likaguliwe kama lina asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), kabla ya kubomoa. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi. Mtoto wa miaka miwili hutambaa, hugusa, hulamba vidole, na risasi huathiri ubongo unaokua. Vikipatikana, mtoto asiwemo ndani ya nyumba hiyo wakati wa kubomoa na kusafisha, hata kama nyinyi mnabaki.

Umeme na moto

Hesabu ni moja: volti mara ampea ni wati. Kwenye volti 230, waya wa kurefushia ulioandikwa ampea 10 hubeba wati 2,300, na hapo umefika mwisho wake. Birika hula wati 2,000 hadi 3,000, jiko la sahani moja wati 1,000 hadi 2,000, sufuria ya umeme ya presha karibu wati 1,000. Maana yake birika na jiko havikai kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja. Chemsheni maji, zimeni birika, ndipo muwashe jiko. Mahali penye volti 120 hesabu hubana zaidi, kwa hiyo someni kibandiko cha kila kifaa.

Ikiwa waya wa kurefushia ni wa kuviringishwa kwenye gurudumu, ukunjueni wote hata kama mnahitaji mita 2 tu. Ukiachwa umeviringika huku unabeba mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka kuanzia katikati, mahali msipopaona. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, zimeni.

Kilicho bora ni kumwomba fundi umeme awawekee soketi za muda zenye swichi yao ya kujikata kwenye boksi kuu, pamoja na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Sababu si nguvu tu. Mashine kubwa ya kukatia na kusagia hula wati 2,000 au zaidi na huvuta mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ikichangia laini na friji yenu, siku moja swichi itajikata saa kumi na moja jioni, mafundi wataondoka, na nyinyi mtagundua asubuhi. Friji isiyofunguliwa hulinda chakula kwa saa 4 hivi bila umeme. Friza iliyojaa huhimili karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kipimajoto ndani ya friji ni kitu kidogo chenye manufaa makubwa: kisome nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo.

Mtungi wa gesi usimamishwe wima, kwenye hewa, mbali na cheche za kukata chuma. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo ya sakafu na mitaro iliyochimbwa, ambavyo nyumba yenu itakuwa navyo vingi. Kila mtungi unapohamishwa, pakeni povu la sabuni kwenye maungio na muangalie viputo. Mkaa msiutumie ndani kabisa. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na nyumba iliyofungwa nailoni kila upande haipumui.

Siku za vanishi ya mafuta, thina, au gundi ya kunusika kali, hakuna kuwasha moto wowote, wala jiko la umeme linalokuwa jekundu. Mvuke wake hushika moto ukiwa mbali na kopo.

Sasa chakula

Pangeni milo kwa kuhesabu vyombo vitakavyochafuka na maji yatakayomwagwa, kabla ya kufikiria ladha. Chakula kinachopikwa kwa sufuria moja bila kuchuja maji ndicho chenu kwa miezi miwili.

Mfano ni mchele na dengu. Kwa nyinyi wote: mchele gramu 300, dengu nyekundu zilizoparazwa gramu 150, kitunguu 1, karoti 2, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji lita 1. Kaangeni kitunguu, tieni vyote, chemsheni, punguzeni moto, funikeni dakika 18 hadi 20. Sahani ya umeme hubaki na joto muda mrefu, kwa hiyo izimeni dakika 5 kabla na muiache sufuria juu yake. Chumvi nyingi na pilipili vikae mezani, ili sufuria hiyohiyo imfae mtoto.

Tambi vilevile hazihitaji sufuria kubwa wala chujio. Gramu 300 kwenye kikaango kipana, maji lita 1 yakizifunika kidogo tu, nyanya, kitunguu saumu na mafuta, moto wa kati, mkikoroga kwa dakika 10 hadi 12. Maji yanayobaki huwa mchuzi kwa sababu wanga haujamwagwa. Zikikauka kabla ya kuiva, ongezeni nusu kikombe. Kuskusi ni rahisi kuliko vyote: maji ya birika kidogo zaidi ya ujazo wake, kifuniko, dakika 5. Mayai chemsheni 8 au 10 kwa pamoja, dakika 10, na muyaweke kwenye friji na maganda yake. Yanafaa kwa wiki moja. Yasichemshwe ndani ya birika. Watu hujaribu, yai moja hupasuka, na chai hunuka yai hadi birika litupwe.

Kukaanga kwa mafuta mengi acheni kabisa. Mafuta yanayoruka hutua kwenye kila kitu, na vumbi hugandia juu yake.

Maharage yapikeni sasa, kabla ya kazi, na myagandishe kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Sambazeni kwenye mifuko bapa yenye unene wa sentimita 2 au 3: huganda haraka, huyeyuka haraka, na hayachukui nafasi. Fanyeni hivyo pia kwa rojo la nyanya na vitunguu, maana likiwa tayari nusu ya kazi ya kupika imekwisha. Mnaotaka kununua chungu cha umeme cha moto mdogo, angalieni: maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na joto la chungu hicho huenda lisiiue. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwageni maji hayo, yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kwenye sufuria ya kawaida, ndipo yaingie chunguni. Sufuria ya presha haina tatizo hilo.

Pikeni kinachokwisha. Wali uliobaki usikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 penye joto la zaidi ya nyuzi 32. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa wali ukiwa vuguvugu haiondoki kwa kupasha moto. Kwenye friji uliwe kesho yake.

Kila mwisho wa wiki mwulizeni fundi mkuu maswali manne tu: wiki ijayo maji yatakatwa siku gani, umeme siku gani, sakafu haitakanyagwa lini, na vanishi au gundi kali itapakwa lini. Majibu hayo ndiyo ratiba yenu ya chakula. Siku isiyo na umeme ni ya vyakula baridi vilivyoandaliwa jana: mayai, mkate, samaki wa kopo, kabichi na karoti, matunda ya kumenywa. Siku ya kubomoa, ya vigae na ya vanishi, tengeni fedha mapema mle nje. Ni siku chache, na kuzilazimisha hakuna faida.

Jiko jipya likikamilika, kabla ya kurudisha vyombo, panguseni ndani ya kila kabati na droo kwa kitambaa kibichi mara mbili, na washeni oveni mpya ikiwa tupu dakika 30 hadi 60, madirisha wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue. Plastiki na karatasi za ndani zitolewe kwanza.